Felix Wankel: Mvumbuzi wa injini ya rotari ambaye hakuwahi kuwa na leseni ya gari

ABIRIA wa mabasi ya Lindi na Mtwara wanaifahamu Somanga kwa samaki wa kukaanga. Basi likisimama tu, akina mama na vijana hulizunguka na vyombo vyao vya samaki, na kabla dereva hajapiga honi kila mwenye njaa amekwishapata chake dirishani.

Wachache hukumbuka kwamba samaki hao wameletwa na injini. Ufukweni, mafundi wa boti hufungua mashine za wavuvi, husafisha plagi, huchanganya oili na petroli kwa kipimo wanachokijua, kisha huvuta kamba na kusikiliza mlio. Mlio ukiwa mbaya, kazi huanza upya.

Si mbali na hapo, Somanga Fungu, bomba la gesi asilia kutoka Kisiwa cha Songo Songo hutoka baharini na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda Ubungo, Dar es Salaam. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo imekuwa ikizungusha mitambo ya taabini inayofua umeme.

Hizo ni aina mbili za mashine. Katika injini ya boti, pistoni hupanda na kushuka, na kila inapogeuka hupoteza nguvu na kutikisika. Katika taabini hakuna kinachopanda wala kushuka. Kila kitu huzunguka.

Mwaka 1919 kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 17 aliota kwamba ametengeneza gari lenye injini iliyo nusu taabini na nusu pistoni. Alipoamka hakuwa na elimu ya uhandisi wala fedha. Jina lake lilikuwa Felix Wankel, na ndoto hiyo ilimchukua karibu miaka 40 kuitimiza.

Mafundi wa nchi za nje wanaojitengenezea ndege ndogo nyumbani wamekuwa wakiifunga injini hiyo katika ndege zao, na wengi wao hutumia miezi mingi kuiseti kabla ya kuthubutu kuruka. Ili kuelewa kwa nini wanajisumbua hivyo, ni vema kwanza kukumbuka kilichotokea jirani na Somanga zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Injini zilizoshindwa na joto la Rufiji

Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Mto Rufiji, kaskazini mwa Somanga. Waingereza walishindwa kuiona kutoka baharini kwa sababu ya mikoko, wakaamua kutumia ndege.

Walimkodi rubani raia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya majini aina ya Curtiss. Ndege ilirushwa kutoka Kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Rejeta yake ilipoharibika, ilibidi meli iende Mombasa kutafuta rejeta ya gari aina ya Ford, ikafungwa kwenye ndege. Cutler aliiona manowari, lakini Desemba mwaka huo injini ilimsumbua, akashuka ndani ya delta na kukamatwa na Wajerumani.

Februari 1915 zililetwa ndege mbili aina ya Sopwith zenye injini za Gnome. Injini hizo za Kifaransa nazo ziliitwa za kuzunguka, lakini kwa maana nyingine: silinda zote zilizunguka pamoja na propela, huku krankshafti ikiwa imefungwa bila kusogea. Zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, yaani mafuta ya nyonyo, zao ambalo mkulima wa pwani analifahamu.

Injini hizo zilifanya kazi vizuri katika baridi ya Ulaya. Hapa kwetu zilishindwa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo injini hupata hewa kidogo na bawa hupata mhimili mdogo. Ndege zilishindwa kuinuka na mabomu. Ililazimu kuleta ndege nyingine, na manowari iliangamizwa Julai 11, 1915 kwa mizinga ya meli zilizoelekezwa na ndege hizo kutoka angani.

Fundisho la Rufiji ni kwamba injini nzuri kiwandani si lazima iwe nzuri mahali pa kazi. Maisha yote ya Wankel yanazunguka jambo hilo.

Mtoto wa bwana misitu

Felix Heinrich Wankel alizaliwa Agosti 13, 1902 katika mji mdogo wa Lahr, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Rudolf, alikuwa ofisa wa misitu. Alikufa mapema katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Felix, aliyekuwa mtoto pekee, alilelewa na mama yake.

Maisha ya mjane baada ya vita yalikuwa magumu, na thamani ya fedha ya Ujerumani iliporomoka. Felix aliacha shule mwaka 1921 bila cheti cha kumwezesha kuingia chuo kikuu. Aliajiriwa katika kampuni ya kuchapisha vitabu mjini Heidelberg, akiwa katika shughuli za biashara na si za ufundi.

Kikwazo kingine kilikuwa macho. Alikuwa na tatizo kubwa la kutoona mbali, kiasi kwamba maisha yake yote hakupata leseni ya udereva. Mtu aliyebadilisha injini ya gari alikuwa akiendeshwa na dereva.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 22, alifungua karakana ndogo mjini Heidelberg pamoja na marafiki. Alijifunza mwenyewe kwa kusoma na kwa kujaribu. Mwaka 1929 alipata hataza yake ya kwanza ya injini ya kuzunguka.

Tatizo alilolishughulikia zaidi lilikuwa dogo kwa macho lakini kubwa kwa kazi, nalo ni uzibaji. Pistoni ni duara, na ringi ya duara huziba vizuri. Lakini kitu chenye kona kikizunguka ndani ya chumba, gesi hupenya kwenye kona. Wengi kabla yake walikuwa wamechora injini za kuzunguka. Zote zilivuja. Wankel alikaa miaka mingi akichunguza jinsi ya kuzuia gesi isipite kati ya vyuma viwili vinavyosuguana.

Siasa na karakana

Hapa ndipo panapohitaji kusemwa bila kuficha. Wankel alijiunga na chama cha Nazi akiwa kijana, miaka ya mwanzo ya 1920, na baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa vijana wa Hitler katika eneo la Baden.

Aligombana na kiongozi wa chama wa eneo hilo, Robert Wagner, akimtuhumu hadharani kwa ufisadi. Alifukuzwa chamani mwaka 1932. Mwaka uliofuata, chama kilipochukua madaraka, Wagner alimtupa gerezani. Alitoka baada ya miezi kadhaa kwa msaada wa Wilhelm Keppler, mshauri wa Hitler wa masuala ya uchumi.

Hata hivyo, kifungo hicho hakikumtenga na utawala huo. Baada ya kufanya kazi na kampuni ya BMW, mwaka 1936 alipewa fedha na Wizara ya Anga ya Ujerumani kujenga karakana ya utafiti mjini Lindau, kando ya Ziwa Constance. Huko alitengeneza valvu za kuzunguka kwa ajili ya injini za ndege za kivita, na kwa muda mfupi alipewa cheo katika kikosi cha SS.

Ujuzi wa sili ambao baadaye ulimfanya tajiri aliupata kwa fedha za vita iliyoua mamilioni ya watu. Uvumbuzi hauoshi chanzo cha fedha zake, na wanaoandika habari za Wankel huko kwao bado hulijadili jambo hili.

Mwaka 1945 majeshi ya Ufaransa yaliivunja karakana ya Lindau na kumkamata Wankel. Alikaa kizuizini hadi mwaka 1946. Alitoka bila karakana, bila mitambo na akiwa amepigwa marufuku kuendelea na utafiti wake kwa muda.

NSU na injini ya kwanza

Mwaka 1951 alipata mkataba na kampuni ya pikipiki ya NSU ya mji wa Neckarsulm. Kampuni ilihitaji kwanza valvu, si injini mpya. Wankel alianza na walichokihitaji, kisha akawashawishi kidogo kidogo.

Februari 1, 1957 injini yake ya kwanza, iliyoitwa DKM 54, iliwaka na kuzunguka kwa nguvu yake yenyewe. Ilikuwa nyororo ajabu, kwa kuwa rota na chumba chake vyote vilizunguka. Lakini ilikuwa na kasoro ambayo fundi yeyote wa gereji angeiona mara moja: kubadilisha plagi kulihitaji kuifungua injini.

Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, aliibadilisha. Alikifanya chumba kisimame na kuiacha rota peke yake izunguke. Injini hiyo ilianza kufanya kazi mwaka 1958, na ndiyo ambayo dunia inaiita ya Wankel hadi leo. Mwenyewe hakufurahi. Alilalamika kwamba farasi wake wa mbio amegeuzwa kuwa farasi wa kuvuta plau.

Injini hiyo ina rota ya pembetatu yenye pande zilizobinuka, ikizunguka ndani ya chumba kinachofanana na yai lililobanwa kiunoni. Kona tatu za rota hugusa ukuta wakati wote, hivyo kunakuwa na vyumba vitatu vinavyopanuka na kusinyaa. Kila upande wa rota huvuta hewa na petroli, hubana, huchoma na hutoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu. Hakuna valvu wala pistoni.

Kuuza mapema, kurekebisha baadaye

Habari zilipoenea, makampuni yalipanga foleni kununua leseni. Curtiss-Wright ya Marekani ilikuwa ya kwanza, mwaka 1958. Zilifuata Daimler-Benz, Rolls-Royce, General Motors na kampuni moja ya Hiroshima, Japan, iliyokuwa inajulikana zaidi kwa pikipiki za mizigo za magurudumu matatu: Toyo Kogyo, ambayo leo ni Mazda.

NSU iliharakisha kwenda sokoni. Mwaka 1964 ilianza kuuza gari dogo la Spider, na mwaka 1967 ilitoa gari la kifahari la Ro 80, lililopewa tuzo ya gari bora la mwaka barani Ulaya mwaka uliofuata. Lakini sili za kwenye kona za rota zilikuwa hazijakomaa. Zililika haraka, wateja wakarudi na injini zilizokufa, na kampuni ikalazimika kuzibadilisha kwa gharama yake. Mwaka 1969 NSU ilimezwa na kundi la Volkswagen. Ro 80 iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1977, takriban magari 37,000 tu.

Mazda ilikutana na tatizo hilo hilo. Sili ziliukwaruza ukuta wa chumba na kuacha alama ambazo wahandisi wake waliziita kucha za shetani. Kundi la wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto lilipewa kazi moja, kuziondoa alama hizo. Walijaribu vifaa vya kila aina hadi walipopata sili ya kaboni na aluminiamu. Gari lao la Cosmo Sport liliingia sokoni Mei 1967, na Mazda iliendelea na injini hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1991, gari lake la 787B lenye injini ya rotari lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Kampuni zote mbili zilianza na mchoro ule ule. Mazda ilitatua tatizo la sili kabla ya kuuza. NSU iliuza kwanza, na wateja ndio waliogundua kasoro.

Fedha, Lonrho na uzee

Wankel mwenyewe hakutegemea kiwanda. Alitegemea hataza, akipata sehemu ya malipo ya kila leseni. Mwaka 1971 yeye na mshirika wake waliiuza kampuni yao, Wankel GmbH, kwa marki milioni 100 za Ujerumani.

Mnunuzi ni jina ambalo wasomaji wenye umri mkubwa nchini wanalikumbuka: Lonrho, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiongozwa na Tiny Rowland na iliyokuwa na mashamba, magari na viwanda katika nchi nyingi za Afrika, ikiwamo Tanzania. Mwaka 1978 Serikali ya Tanzania iliziweka mali zake nchini chini ya umma, ikiituhumu kuhujumu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Lonrho ilinunua wakati mbaya. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Injini ya rotari ina sifa nyingi, lakini kubana matumizi ya petroli si mojawapo. General Motors iliachana na mpango wake, na wengine wakafuata. Wankel alikuwa amekwishapata fedha zake.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1969. Aliendelea na utafiti Lindau, ukiwamo wa boti za mwendo kasi, na alitumia sehemu ya mali yake kuanzisha tuzo ya utafiti unaopunguza mateso ya wanyama katika maabara. Alifariki dunia Heidelberg, Oktoba 9, 1988, akiwa na umri wa miaka 86. Hakuacha mtoto.

Kwa nini wajenzi wa ndege wanaipenda

Injini iliyoshindwa katika magari mengi ilipata marafiki angani. Wajenzi wa ndege za nyumbani, hasa Marekani, huchukua injini ya Mazda aina ya 13B, yenye rota mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, na kuigeuza kuwa ya ndege.

Sababu yao kubwa ni usalama. Pistoni ikivunjika, injini ya kawaida huweza kusimama pale pale. Rotari ikipoteza sili moja, mara nyingi huendelea kuzunguka kwa nguvu pungufu na kumpa rubani muda wa kutafuta mahali pa kutua. Pia ni ndogo, nyepesi na haitikisiki.

Lakini haifungwi ikaruka. Kwanza, injini hutoa nguvu yake ikizunguka mara 6,000 na zaidi kwa dakika, wakati propela haitakiwi kuzidi takriban 2,700. Lazima pawe na giaboksi ya kupunguza mzunguko kati ya mara mbili na tatu.

Pili ni mchanganyiko wa petroli na hewa. Ukiwa na petroli kidogo wakati injini inabeba mzigo mkubwa, moto huripuka vibaya ndani ya chumba na kuvunja sili. Ndege ikipanda, hewa hupungua na kipimo lazima kibadilike. Ndiyo maana wajenzi huseti kidogo kidogo, ndege ikiwa imefungwa chini, wakiangalia joto la moshi kabla ya kupanda.

Tatu ni taimingi. Kila rota ina plagi mbili, moja ikitangulia na nyingine ikifuata. Wajenzi makini huziwekea mifumo tofauti ya umeme, ili mmoja ukifa mwingine ubaki.

Nne ni joto. Moshi wa rotari ni mkali kiasi cha kuyeyusha ekzosi za kawaida, na oili hubeba sehemu kubwa ya joto la injini. Rejeta ya maji haitoshi bila rejeta nzuri ya oili. Fundi anayejaribu katika nchi ya baridi hawezi kudhani kipimo chake kitafaa katika joto la pwani kama ya Lindi. Rufiji ya mwaka 1915 ni ushahidi.

Tano ni oili ya kulainisha sili. Wajenzi wengi huichanganya ndani ya petroli, kwa kipimo kidogo kuliko cha injini za boti. Katika hili fundi wa boti wa Somanga hahitaji mwalimu. Anajua kinachotokea mvuvi anapobania oili ili kuokoa shilingi chache.

Ikumbukwe kuwa hapa nchini hakuna anayeruhusiwa kurusha ndege aliyoitengeneza bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Makala haya si mwaliko wa kujaribu uani.

Fundisho kwa mafundi wetu

Maisha ya Wankel yana mambo matatu ya kuzingatiwa na mjasiriamali wa karakana.

La kwanza ni kusajili. Asingekuwa na hataza ya mwaka 1929 na zilizofuata, NSU na wengine wangechukua wazo bure. Hapa Tanzania Bara hataza husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Mafundi wengi hubuni mashine za kukoboa, kukamua au kuparaza, kisha hushangaa kuziona kwa jirani mwezi unaofuata.

La pili ni kuuza kinachohitajika leo ili kugharimia ndoto ya kesho. Wankel aliishi kwa valvu na sili miaka 30 kabla injini yake haijawaka. SIDO, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1973, imewashauri wajasiriamali wadogo hivyo hivyo.

La tatu ndilo gumu zaidi: kuijaribu mashine mahali itakapofanyia kazi, na mikononi mwa atakayeitumia, kabla ya kupokea fedha za watu. NSU haikufanya hivyo na ikapoteza jina lake.

Na ufukweni Somanga, fundi anayevuta kamba mara ya tano na kusikiliza tena mlio kabla ya kumkabidhi mvuvi injini yake amekwishalielewa hilo. Mvuvi huyo atakwenda nayo mbali na nchi kavu, na hakuna gereji baharini.